Aliyengoja Kuchaguliwa

Faidha Mohamedi aliporudi Newala na digrii yake ya jiografia, baba yake alichinja mbuzi wawili. Faidha alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo, upande wa baba na upande wa mama, kufika chuo kikuu. Mzee Mohamedi hakuwa msemaji. Alingoja watu wale washibe, akasimama uani, kofia mkononi, akasema, "Mwanangu amemaliza." Kisha akaketi.

Neno hilo lilikaa. Sokoni, msikitini, hata kwenye ghala la chama cha msingi watu walipopanga foleni kupima korosho, Mzee Mohamedi aliitwa baba wa yule aliyemaliza. Hakulikataa jina hilo.

Miaka mitatu ikapita. Faidha alikuwa bado nyumbani, akifundisha jiografia kidato cha pili katika shule ya kata, mwalimu wa kujitolea, akingoja ajira. Kila orodha ya ajira ilipotoka, walimu wa kujitolea walizunguka simu ya yule mwenye bando, wakashusha majina kwa kidole mpaka herufi M. Mohamedi walikuwa wengi. Faidha hakuwamo.

Mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa, mkuu wa shule, Mwalimu Nikolao, alimwita ofisini. Kulikuwa na dada mmoja kutoka Dar es Salaam aliyetaka msaidizi wa utafiti, mtu anayejua Chimakonde na asiyechoka kutembea. Dada huyo aliitwa Esther. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, mrefu, mwenye viatu vya kamba vilivyokwisha kubadilika rangi kwa vumbi, na alikuwa anasomea uzamivu. Alitaka kujua kaya za uwanda wa juu zinapataje maji. Newala mvua ikikatika maji huwa ni mgeni. Bomba hutoa siku moja likapumzika wiki mbili, boza la maji likipanda huuza kwa wenye nacho, na waliobaki hushuka bondeni na madumu.

Walianza kazi siku ya pili. Esther aliuliza kwa Kiswahili, Faidha akageuza kwa Chimakonde pale bibi mwenye nyumba alipoonekana kupotea, na majibu yakaingizwa kwenye kishikwambi. Nyumba kumi kwa siku, wakati mwingine kumi na mbili.

Ilikuwa siku ya nne, wamepumzika kwenye baraza ya ofisi ya kijiji wakila mihogo ya kuchemsha, Esther alipouliza, "Hivi chuoni ulitoka na ngapi?"

"Nne nukta mbili."

Esther aliacha kutafuna. "Kati ya tano?"

"Ndiyo, dada."

"Sasa unafanya nini hapa miaka yote hii? Kwa nini hukuendelea na uzamili?"

"Sikuitwa," Faidha alisema.

"Hukuitwa na nani?"

"Na chuo."

Esther alicheka, akadhani ni utani. Alipoona Faidha hacheki, akaweka muhogo chini.

Haukuwa utani. Maisha yote ya Faidha ya shule yalikuwa ya kuchaguliwa. Alimaliza darasa la saba, majina yakabandikwa ukutani, lake likiwemo. Alimaliza kidato cha nne, akachaguliwa kwenda cha tano katika mkoa ambao hakuwahi kuusikia. Hata chuo kikuu alijaza fomu pamoja na darasa zima, mwalimu akiwasimamia ubaoni, kisha wote wakangoja. Alipomaliza chuo na matokeo yake yakawa mazuri, aliamini kwamba mahali fulani kuna watu wanaoyapitia matokeo hayo, na kwamba wanaofaa kuendelea wataitwa. Alingoja mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili akasema moyoni kwamba nne nukta mbili haikutosha. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Baba yake aliishia darasa la nne, mama yake la saba, na walimu wenzake walikuwa na digrii moja moja kama yeye, nao wanangoja ajira.

"Faidha," Esther alisema taratibu, "huko hakuna anayeita. Ni wewe unakwenda kubisha hodi."

"Nani alikwambia wewe?"

Swali hilo lilimshika Esther. Alifikiri. "Hakuna aliyeniambia," akajibu. "Baba na mama wote wanafundisha chuo. Baba alikuwa akisahihisha tasnifu za watu huku anakula. Nilijua msimamizi ni nani na anaudhi vipi kabla sijajua kupika chai. Nadhani nilikuta tu najua."

Faidha alitikisa kichwa, akamaliza muhogo wake. Hakuona wivu. Aliona kizunguzungu kidogo, kama mtu aliyekaa kituoni mchana kutwa kisha akaambiwa basi halipiti barabara ile.

* * *

Dodoso la Esther lilikuwa na swali la sita: chanzo kikuu cha maji cha kaya. Majibu yaliyopangwa yalikuwa bomba, boza, chemchemi, kisima cha mvua, na mwisho, nyingine. Wanawake wengi hawakujibu hivyo.

"Maji tunateka kwa mama mkubwa," alisema mama mmoja wa nyumba ya nyasi.

"Yeye anayatoa wapi?"

"Ana bati. Ana kisima."

Watu wenye nyumba za bati huchimba kisima uani, wakakisakafia kwa saruji, na mvua ikinyesha maji ya paa huteremka humo. Mwenye nyasi hawezi kuvuna kitu. Esther aligusa "nyingine" na kuendelea. Siku hiyo, kati ya nyumba kumi na moja, saba zilikuwa "nyingine".

"Dada Esther, hizi nyingine zimekuwa nyingi kuliko zenyewe," Faidha alisema.

"Nitaziangalia wakati wa uchambuzi."

Faidha hakubisha. Lakini jioni ile alichukua daftari la mazoezi, lile la kurasa tisini na sita, akachora mistari kwa rula. Tangu siku hiyo, Esther alipokuwa akifunga kishikwambi na kushukuru, Faidha aliuliza maswali yake mawili matatu kwa Chimakonde, akaandika. Wanateka kwa nani. Huyo ni nani wao: mama mkubwa, dada wa tumbo moja, wifi, jirani tu. Wanateka ndoo ngapi kabla mwenye kisima hajakunja uso. Wanawake walicheka waliposikia swali hilo la mwisho, kisha wakalijibu kwa usahihi kabisa.

Baada ya wiki tano daftari lilikuwa karibu kujaa, na kitu kimeanza kuonekana humo. Waliokuwa wakiishi karibu na ukoo wa mama zao walipata maji hata kama hawana bati wala senti. Walioshuka bondeni alfajiri na madumu hawakuwa lazima maskini kuliko wote. Walikuwa wanawake walioolewa mbali na kwa mama zao, wasio na mama mkubwa mtaani. Mwanamke mmoja wa nyumba nzuri tu, mzaliwa wa Lukuledi, alimwambia, "Hapa kwa kisima sina mtu."

Esther aliliona daftari hilo kwa bahati, wakiwa nyumba ya wageni wakipanga safari ya kesho yake. Alilifungua akitafuta jina la kijiji, akabaki analisoma kwa nusu saa. Akapiga picha kurasa nne, akamtumia msimamizi wake. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa: hiyo ndiyo sura ya tatu ya tasnifu, hongera sana.

Esther aliweka simu mezani. "Faidha, nikilitumia daftari lako, utakubali? Jina lako nitaliweka kwenye shukrani."

"Chukua tu, dada," Faidha alijibu palepale. "Kwani langu na lako si moja?"

Ndivyo alivyolelewa. Mgeni akisifu kitu chako, unampa.

Siku mbili zilizofuata alikwenda nyumba kwa nyumba kama kawaida, na daftari jipya mkononi, lakini hakuandika kitu. Kila alipotaka kuuliza, swali lilimjia kisha likamkera kwa sababu halikuwa lake tena. Alitaka kujua mambo mengine mengi. Alitaka kujua mwenye kisima akifa, nani anarithi haki ya kuteka. Alitaka kujua wale walioolewa Masasi mjini kwenye mabomba, kama huko nako "kuwa na mtu" kunahesabika. Hakuwahi kutaka kujua jambo kwa namna hiyo. Shuleni alisoma ili afaulu, na alifaulu. Hiki kilikuwa kitu kingine.

Siku ya tatu, wakiwa wamekaa kwenye gogo wakingoja mwenyeji arudi shambani, alisema, "Dada Esther, lile daftari. Nilikubali haraka."

Esther alikuwa anafuta vumbi kwenye kioo cha kishikwambi. Aliendelea kufuta. "Nimeshamwambia msimamizi wangu."

"Najua."

"Amefurahi sana."

"Najua, dada. Lakini nalitaka."

"Unalitaka ulifanyie nini?"

Faidha alikitazama kishikwambi. "Hicho unachofanya wewe," akasema.

Siku nzima walizungumza mambo ya dodoso tu. Faidha alijilaumu. Alijiona mtu asiye na adabu, aliyetoa kitu kisha akakidai. Asubuhi iliyofuata Esther alimjia kwenye geti la shule, bahasha ya kaki mkononi. Daftari lilikuwa ndani.

"Nimempigia simu msimamizi. Nimemwambia si langu. Amekasirika, kwa sababu sasa itabidi tufikirie upya sura nzima."

"Samahani, dada."

"Usiniombe samahani, utaniudhi zaidi." Kweli alikuwa ameudhika, ilionekana usoni, wala hakuficha. "Dirisha la maombi ya uzamili linafungwa baada ya wiki nne. Tukitoka kazini leo, tunaanza kuandika."

* * *

Waliandika mezani kwenye nyumba ya wageni, saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni. Andiko la kwanza la Faidha lilijaa "kwa heshima na taadhima" na "ninaomba mnifikirie". Esther alikata kila mstari.

"Hawa hawataki kuombwa. Wanataka kujua unataka kujua nini, na kwa nini wewe ndiye wa kukitafuta."

"Nikisema mimi ndiye, si ni kujisifu?"

"Kwenye karatasi hii, jisifu."

Ilimchukua siku tano kuandika sentensi inayoanza na "mimi" bila kuona haya.

Kisha wakafika kwenye wadhamini. Chuo kilitaka barua mbili kutoka kwa watu wanaoijua kazi yake, mmoja wao awe mhadhiri. Mwalimu Nikolao aliandika yake siku hiyohiyo, kwa kalamu ya wino, akatumia muhuri wa shule. Kwa mhadhiri palikuwa na shida. Katika miaka mitatu Faidha alizungumza na mhadhiri aliyesimamia ripoti yake mara mbili tu, mara zote mbili akiwa amesimama mlangoni. Darasani walikuwa zaidi ya mia tatu. Alimwandikia barua pepe ya adabu. Siku nane zikapita. Akaandika tena. Kimya.

"Anaitwa nani?" Esther aliuliza.

Faidha akataja jina.

"Ah! Huyo alifundishwa na baba yangu." Esther akachukua simu, akatoka nayo barazani. Faidha alimsikia akiuliza habari za nyumbani, akicheka, akimwambia baba yake asisahau dawa za presha, kisha akataja jina la Faidha na jina la mhadhiri. Simu nzima haikufika dakika nne.

Kesho yake mhadhiri aliandika. Barua ilikuwa imeshatumwa chuoni, na kwa Faidha aliongeza mstari mmoja: nakukumbuka vizuri sana.

Faidha alijua kwamba hamkumbuki. Alifurahi hata hivyo, ila furaha ilikuwa kama wali wenye chembe ya mchanga. Unaendelea kula, lakini kwa uangalifu.

* * *

Vyeti vyake halisi havikuwa Newala. Vilikuwa Masasi, Mkomaindo, ndani ya sanduku la bati la Salmini, kaka wa mama yake. Salmini ndiye aliyemlipia kidato cha tano na sita, miaka ambayo korosho za Mzee Mohamedi ziliungua ukungu, na kwa hiyo vyeti vilikaa kwake. Hakuna aliyeona ajabu. Mjomba ni mjomba.

Salmini alikuwa na meza ya biashara mbele ya nyumba yake, karibu na hospitali. Aliuza mabeseni, kanga na chupa za chai kwa watu waliolaza wagonjwa. Faidha alimkuta anapanga mabeseni kwa rangi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Vipi, ajira imetoka?"

"Bado, mjomba. Nimefuata vyeti. Naomba tena chuo."

Salmini aliendelea kupanga. Beseni la kijani juu ya la bluu, la bluu juu ya jekundu. "Zena anamaliza kidato cha nne mwaka huu," akasema. Zena alikuwa mdogo wake Faidha.

"Ndiyo, mjomba."

"Anafanya vizuri, naambiwa."

"Anafanya vizuri kuliko mimi."

"Mimi nilikuvusha wewe. Nilisema moyoni, nikimvusha huyu, naye atamvusha mwenziwe. Sikukwambia, kwa sababu ulikuwa mtoto. Leo nakwambia."

Mwanamke mmoja alikuja kununua beseni dogo, na mjomba akamuuliza mgonjwa anaendeleaje kabla ya kumtajia bei. Alipoondoka, Salmini aliingia ndani, akatoka na vyeti vimefungwa kwenye nailoni mbili, moja juu ya nyingine. Havikuwa na hata doa.

"Sikukatazi," alisema. "Nakukumbusha zamu tu."

Alimnunulia soda. Wakakaa pamoja nyuma ya meza mpaka saa ya gari la Newala, wakizungumza habari za watu wa nyumbani.

* * *

Esther alipomaliza kazi yake alifika nyumbani kwa Mzee Mohamedi kuaga. Mama yake Faidha, Rahima, alipika ugali wa muhogo na kisamvu cha karanga. Baada ya kula, Mzee Mohamedi alikohoa kidogo.

"Mwanangu Esther, nikuulize jambo. Faidha alifeli?"

"Hapana, baba. Alifaulu vizuri sana."

"Mbona anarudia? Mimi niliwaambia watu amemaliza. Sasa wataniuliza, mzee, binti alikudanganya?"

Faidha aliangalia chini. Alikuwa hajui kwamba baba yake ameibeba hofu hiyo kwa wiki nzima.

"Harudii, baba," Esther alisema. "Hii ni ngazi nyingine juu ya ile. Hata mimi bado niko chuoni."

"Kwa umri huo?"

"Kwa umri huu."

"Na baba yako anasemaje?"

"Baba mwenyewe alirudi mara mbili. Ndiyo kazi yake sasa, kuwafundisha wanaorudi."

Mzee Mohamedi alicheka kwa mara ya kwanza. "Kumbe! Basi kuna watu kurudi shule ni kazi ya ukoo, kama sisi na mikorosho." Akajifuta mdomo. "Wewe ni mtoto wa ngapi?"

"Wa kwanza, baba. Tuko watatu."

"Ulipokuwa unarudi shule, wadogo zako walisomeshwa na nani?"

Esther aligeuza macho kwa Faidha. "Na baba," akasema.

"Ehee."

Mzee hakuwa amekusudia kumshinda mgeni; alikuwa anataka kujua tu. Rahima alileta maji ya kunawa, na mazungumzo yakahamia kwenye dawa ya salfa ya mikorosho na ukungu wa mwaka huo. Lakini Esther, alipokuwa anapanda pikipiki kurudi nyumba ya wageni, alimshika Faidha mkono akasema, "Nilikuwa nakuona mwoga. Kumbe una mdogo wa kusomesha. Nisamehe."

* * *

Mwezi wa kumi chuo kilijibu. Faidha amekubaliwa, lakini mwaka ule hakukuwa na ufadhili. Nafasi ingeweza kuahirishwa mwaka mmoja.

Aliisoma barua hiyo kwenye simu, akiwa amesimama chini ya mikorosho, kikapu cha korosho alizookota kikiwa nusu. Hakulia. Aliita baba na mama, akawasomea kwa Kiswahili, neno kwa neno, wakamsikiliza hadi mwisho.

"Zena kwanza," akasema mwenyewe, kabla hajaambiwa. "Mimi naahirisha."

"Nafasi haitapotea?" Rahima aliuliza.

"Wameandika mwaka mmoja, mama."

"Basi mwaka mmoja tutauhesabu wote."

Ajira ya serikali haikutoka, lakini alipata kazi katika shule moja ya watu binafsi njia ya Lukuledi, kwa mkataba. Zena alifaulu vizuri, akachaguliwa kidato cha tano, na sanduku lake, godoro lake na nauli yake vilitoka kwa dada yake. Kila Jumamosi Faidha alitembea nyumba za Lukuledi na maswali yake. Huko watu walizungumza Emakhuwa, ambayo aliijua kwa kusikia tu, na wenyeji wake walimcheka, wakamsahihisha, wakamjibu.

Mwaka haukuwa mfupi. Kuna mwezi alichoka kabisa na kusema yaishe. Wenzake shuleni walikuwa wameanza kuolewa na kujenga. Mwalimu mmoja alimwambia wazi kwamba msichana akizidi kusoma hupunguza wachumba, naye akamjibu kwamba yeye amechoka kwa sababu nyingine.

Katika mwezi huohuo tasnifu ya Esther ilikamilika. Alimtumia nakala. Sura ya tatu ilizungumzia jinsi kaya zinavyogawana maji, ilikuwa fupi kuliko nyingine zote, na mwishoni Esther aliandika kwamba suala la undugu na haki ya kuteka linachunguzwa na F. Mohamedi, katika utafiti unaoendelea. Faidha alisoma mstari huo mara tatu. Haikuwa kweli bado. Haukuwa utafiti wa chuo chochote. Lakini umeshaandikwa na watu watausoma. Jumapili ile alikaa na kuandika barua pepe kwa wahadhiri wanne asiowajua, wa vyuo viwili, bila kumwambia Esther. Aliwaeleza anachotaka kujua na alichokwisha kukipata. Watatu hawakujibu. Wa nne, mama mmoja wa chuo kilekile kilichomkubali, anayechunguza mambo ya ardhi, alijibu baada ya siku kumi na moja kwa maswali sita, yote magumu. Faidha aliyajibu yote. Mama huyo akakubali kumsimamia, akamwonyesha mfuko mmoja wa ufadhili ambao tangazo lake halikuwa limefika popote Newala wala Masasi. Ulilipa ada na nauli. Chakula na kitanda vilibaki juu yake.

Alikwenda tena Mkomaindo. Safari hii mjomba Salmini ndiye aliyeanza.

"Zena amebakiza kama mwaka na nusu," alisema. "Huo niachie mimi."

"Mjomba, biashara..."

"Biashara ipo. Watu hawajaacha kuugua." Akatazama meza yake, akaona alivyosema, akaguna. "Mungu anisamehe. Nimesema niachie."

Baba yake alikata mkorosho mmoja mzee uliokuwa hauzai, akachoma mkaa, akauza. Rahima aliuza mbuzi jike. Hawakufanya sherehe.

Basi la Dar es Salaam huondoka Masasi alfajiri, kwa hiyo Faidha alilala kwa mjomba. Kulipokucha, Salmini alimbebea begi mpaka stendi, hakukubali kupokewa. Mkata tiketi, kijana wa mtaani kwake aliyeitwa Charles, aliwasalimia.

"Huyu anakwenda kusoma," Salmini alimwambia kabla hajaulizwa.

"Anasomea nini, mzee?"

Salmini alifikiri. Faidha aliona anatafuta neno, akataka kumsaidia, akajizuia.

"Anasomea kwa nini mtu mwingine ana maji na mwingine hana," mjomba alisema.

"Ah, injinia!"

"Injinia wa nini? Mabomba tunayo, hayatoi. Huyu anasomea watu."

Charles alicheka, akaandika tiketi, akampa Faidha kiti cha dirishani. Begi likaingizwa kwenye buti. Mjomba alimpa mfuko wa korosho za kukaanga na beseni dogo la kijani, jipya, bado lina karatasi yake ya bei.

"Bwenini utalihitaji," akasema. "Wenzako watakuwa na vingi. Wewe nawa uso, uingie darasani."

Faidha alipanda. Basi lilijaa taratibu, dereva akawasha injini ipate moto, na wauza mayai wakapita chini ya madirisha. Salmini hakuondoka. Alisimama pale na mikono nyuma, akizungumza na Charles jambo lingine kabisa, bei ya mahindi labda, mpaka basi likatoka.